Uso, Pambo na Jitimai: Uhakiki wa Picha za Watu katika Migori na Homa Bay

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kusema kwamba mwandishi fulani "amewachora" wahusika wake vizuri au vibaya. Istilahi hiyo imeazimwa kutoka kwa wachoraji, na kama ilivyo desturi ya vitu vya kuazima, imetumika kwa miaka mingi bila ya mwenyewe kuulizwa hali yake. Ni nadra kukuta katika majarida ya lugha makala yanayomtazama mchoraji mwenyewe na kuuliza: je, mtu huchorwaje? Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo kwa kuzihakiki picha za watu zinazohusiana na Migori na Homa Bay, upande wa kusini wa Nyanza nchini Kenya. Shabaha si kuandika historia ya uchoraji wa Kenya. Shabaha ni kulichunguza tatizo moja linalomkabili mchoraji kijana wa sehemu hizo, yule anayesema kwamba anataka uso anaouchora uonyeshe hisia za mtu na papo hapo uonyeshe utamaduni wake. Dai hilo huonekana jepesi likisemwa. Kwa hakika ni gumu, kwa kuwa mambo hayo mawili yamekuwa yakivutana tangu zama za ukoloni, na mara nyingi jambo moja limelimeza jingine.

Kwanza yafaa kuikumbuka jamii yenyewe. Migori na Homa Bay zilikuwa sehemu ya wilaya moja iliyoitwa Nyanza Kusini. Leo ni kaunti mbili kwa mujibu wa katiba ya 2010, iliyoanza kutekelezwa kwa upande wa serikali za kaunti mwaka 2013. Wajaluo ndio wengi. Pamoja nao wako Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano na mwambao wake, ambao lugha yao ya Kibantu imezidiwa sana na Kijaluo, na Wakuria walio karibu na mpaka wa Tanzania. Kiswahili kina makao yake ya zamani huko: Kendu Bay ina jamii ya Waislamu na msikiti wa siku nyingi, na Isebania ni mji wa mpakani ambao biashara yake haiwezi kwenda bila ya Kiswahili. Kwa hiyo mchoraji wa huko hukaa baina ya lugha tatu au nne, na kila lugha ina namna yake ya kuutaja uso.

Picha ya mtu katika miji hiyo haitundikwi kwanza katika jumba la maonyesho. Hutundikwa juu ya jeneza. Hubandikwa kwenye tangazo la mazishi, ukutani sebuleni, kwenye bango la mgombea uchaguzi, au kwenye ubao wa kinyozi. Mchoraji huletewa picha ndogo ya kitambulisho, iliyokunjika pembe, akaambiwa aikuze na "amrudishe" marehemu. Kitenzi hicho kina uzito wake, na mhakiki asikipite mbio. Wachoraji wa mabango nao wasidharauliwe kuwa ni mafundi tu wasio na sanaa. Otieno Gomba na Otieno Kota, walioanzisha kikundi cha Maasai Mbili huko Kibera, Nairobi, mwaka 2001, walianzia katika kazi ya kuchora vibao vya maduka, na mkono uliozoea kibao una ujasiri ambao darasa halifundishi.

Hata hivyo, mtu akitaka kuona mkusanyo mkubwa wa picha za watu wa Kenya zilizochorwa kwa mkono, hana budi kuanza na kazi za mgeni. Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau ulioko leo Jamhuri ya Cheki, na aliyefika Kenya mwaka 1937, anajulikana ulimwenguni kwa kitabu chake juu ya simba Elsa. Kabla ya simba alikuwa mchoraji wa mimea. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mavazi hayo yalikuwa yakitoweka. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa akachora picha zaidi ya 500, nyingi zake kwa rangi za maji. Baadhi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi na katika Ikulu, na mwaka 1967 alichapisha kitabu kuhusu makabila hayo.

Kwa upande wa fani, picha hizo hazina budi kusifiwa. Jicho lililokwisha kufunzwa kuhesabu petali za ua lilijua kuhesabu shanga. Kila unyoya wa kilemba umepewa nafasi yake, kila pete ya shaba ina mng'aro wake, na ngozi ya mtu mweusi, ambayo wachoraji wengi wa Ulaya waliipaka kahawia moja tu kana kwamba ni ubao, imechorwa kwa rangi nyingi zinazopishana. Lakini fani hiyo hiyo ndiyo inayofichua maudhui yake. Aghalabu nyuma ya mtu hakuna kitu ila weupe wa karatasi. Hakuna boma, hakuna ziwa, hakuna mtu wa pili. Ndivyo lichorwavyo ua katika kitabu cha elimu ya mimea: hung'olewa shambani, likawekwa peke yake ili sehemu zake zionekane sawasawa. Na maelezo mengi yaliyoandikwa chini ya picha hizo hutaja kabila, rika au cheo, kama vile ua litajwavyo kwa jamii yake. Mtu amekuwa kielelezo.

Wapo watakaosema kwamba lawama hiyo ni ya bure, kwa kuwa mchoraji aliagizwa kuhifadhi mapambo na akayahifadhi. Hoja hiyo ina nguvu, na wasomi wengi wa mila wamefaidika na kazi yake. Lakini ni lazima iulizwe ni kitu gani kilichoachwa nje ili pambo liingie. Misheni ya Wasabato ilifunguliwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Kufikia mwaka 1949 watu wa mwambao ule walikuwa wameishi na shule, kanisa, cherehani na kodi kwa zaidi ya miaka 40. Shati lilikuwa sehemu ya utamaduni wao kama kilemba kilivyokuwa, na pengine lilivaliwa mara nyingi zaidi. Mzee aliyekaa mbele ya mchoraji akiwa na manyoya kichwani alikuwa amevaa kwa ajili ya kuchorwa. Utamaduni uliowekwa katika picha ulikuwa umekwisha kuchujwa, na kilichomwagwa ni maisha ya siku ile yenyewe.

Jambo la ajabu ni kwamba hisia hazikukubali kuchujwa. Akiyaacha mapambo na kuyatazama macho tu, mtazamaji huanza kuona mambo ambayo agizo la serikali halikuyataka: uchovu wa kukaa kitako muda mrefu, mashaka, kiburi kidogo, na katika nyuso nyingine ule utulivu wa mtu aliyeamua kwamba mgeni huyu hatapewa kitu. Methali husema kwamba uso umeumbwa na haya. Haya hizo zimo katika picha za Adamson, na ndizo zinazozifanya ziwe zaidi ya vielelezo. Mchoraji alikuwa hodari kuliko nia yake.

Mfano wa picha za kamera unaweza kulithibitisha jambo hili kwa njia nyingine. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alipiga picha nyingi katika nchi ya Wajaluo mwaka 1936, na picha hizo ziliwekwa katika makumbusho ya Pitt Rivers huko Oxford. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo aliandaa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyakumbuka ya kale, ambapo nakala za picha za kale za Wajaluo zilirudishwa Nyanza zikatundikwa mbele ya watu wenyewe. Tofauti baina ya Oxford na Nyanza si ya umbali tu. Katika kabati la makumbusho picha hujibu swali "huyu ni wa kabila gani?" Katika boma hujibu swali "huyu ni nani?", na anayeuliza huenda akawa mjukuu. Picha ni ile ile; swali ndilo lililobadilika, na uso umebadilika pamoja na swali.

Je, Wajaluo wenyewe walikuwa na sanaa ya kumchora mtu kabla ya kamera na rangi za maji? Katika mapango ya Mfangano iko michoro ya kale sana ya duara na mizunguko kwa rangi nyekundu na nyeupe, ambayo huhusishwa na watu wa jamii ya Watwa waliowatangulia wakazi wa leo, na ambayo ilihusishwa pia na maombi ya mvua. Nyuso hazimo. Msomi wa haraka angehitimisha kwamba picha ya mtu ni kitu cha kigeni kabisa. Hitimisho hilo hutokana na kuitafuta sanaa mahali pamoja tu. Sanaa ya kumchora mtu ilikuwapo, ila haikuchorwa kwa rangi. Ilichorwa kwa maneno, na jina lake ni pakruok.

Wasomi wa fasihi simulizi wanaijua pakruok kama namna ya majigambo. Katika ngoma inayoongozwa na mpigaji wa nyatiti, kinanda cha nyuzi nane, mtu hutoa fedha, akamsimamisha mwimbaji, kisha akajitaja. Hasemi tu jina lake. Hujitaja kwa wazazi wake, kwa mahali alipozaliwa, kwa mpenzi wake au rafiki yake, kwa mnyama au mti au kitu kingine kinachofanana naye kwa namna anayoijua yeye, na mara kwa mara kwa mzaha. Watu hucheka, muziki hurudi, na mwingine huinuka na noti yake. Ukiichunguza, pakruok ina sifa zote za picha ya mtu iliyoagizwa: yuko anayelipa, yuko fundi anayesimamisha kazi yake ili kumtukuza, na iko hadhira inayopima kama picha inafanana na mwenyewe. Tofauti kubwa na picha ya Adamson ni kwamba katika pakruok mtu haondolewi nyuma yake. Mandhari ndiyo sura yake. Mtu asiye na mama, kijiji wala rafiki hawezi kujigamba. Hana cha kuchora.

Hapa ndipo mchoraji kijana wa Migori au Homa Bay anapoweza kupata msaada ambao hataupata katika vitabu vya Ulaya vya kufundishia uchoraji. Akimchora mwanamke muuza samaki, utamaduni wa mwanamke huyo haumo katika shanga ambazo pengine hana. Umo katika yale ambayo angeyataja kama angesimama ngomani: gati analouzia, mtoto anayemsomesha, jina la utani alilopewa na wenzake. Kuyaingiza hayo katika rangi ni kazi ngumu kuliko kuchora kilemba, lakini ndiyo kazi yenyewe. Michoro mingi ya vijana siku hizi hukwepa ugumu huo kwa kuchukua uso wa mtu wa leo na kuubandika usuli wa mistari na nukta za kupendeza zinazoitwa "za Kiafrika". Usuli wa namna hiyo ni weupe ule ule wa karatasi ya Adamson uliopakwa rangi.

Pakruok, hata hivyo, ni sanaa ya furaha na fahari. Inatosha kwa bango la mgombea na kwa picha ya harusi. Haitoshi kwa jeneza, na imekwisha kusemwa kwamba jeneza ndilo mteja mkubwa. Kwa hiyo lazima suala la huzuni lishughulikiwe peke yake.

Iko mtindo ulioenea miongoni mwa wachoraji vijana wa Afrika Mashariki wa kuchora kwa penseli au mkaa kwa usahihi wa kamera: vinyweleo vya ngozi huhesabiwa, mikunjo ya mzee hufuatwa mmoja mmoja, na juu ya shavu huwekwa chozi moja linalong'aa, ndani yake ikionekana hata taa ya chumba. Watazamaji hushangilia. Mshangao huo ni wa haki kwa upande wa ustadi, kwani kazi ya namna hiyo huchukua siku nyingi na subira isiyo ya kawaida. Kwa upande wa hisia, chozi lile ni kama neno "ole!" katika shairi baya: linamwamuru msomaji ahuzunike badala ya kumhuzunisha. Käthe Kollwitz wa Ujerumani, aliyempoteza mwanawe vitani mwaka 1914, alikaa miaka mingi na kazi ya sanamu za wazazi wanaoomboleza, akazimaliza mwaka 1932. Baba amejikumbatia, mama ameinamisha kichwa. Hakuna aliyehitaji chozi. Huzuni imewekwa mgongoni na mabegani.

Wala si lazima kwenda Ujerumani kulijifunza hilo. Katika mila ya Wajaluo, kifo cha mzee kiliwatoa wanaume na ng'ombe na mikuki kwenda kukifukuza kifo nje ya kijiji. Ndiyo tero buru, ambayo kwa maneno yake ni kupeleka vumbi. Humo huzuni haikai usoni hata kidogo. Imo miguuni, imo katika kwato, imo katika mavumbi. Mchoraji anayetaka kumchora mfiwa wa huko kwa kumkazia macho na shavu tu amekwisha kupotea njia kabla ya kuchonga penseli. Huenda picha ya jitimai ya Kijaluo ikawa ni ya mtu aliyegeuka, anayeonekana kisogo.

Ushahidi wa lugha unaunga mkono jambo hili. Katika Kijaluo neno chuny ni ini, na papo hapo ni moyo kwa maana ya makao ya hisia. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa naye husema amekatwa maini anapoumizwa sana. Lugha zote mbili zinaiweka hisia ndani, gizani, mahali ambapo jicho halifiki, na zinauachia uso kazi ya haya, yaani kazi ya kuficha. Isitoshe, Kiswahili kimejaliwa ngazi za huzuni ambazo mchoraji angeweza kuzipanda: sikitiko si majonzi, majonzi si simanzi, na jitimai iko mbali na zote. Mwandishi mwema hazichanganyi. Mchoraji anayelitumia chozi lile lile kwa ngazi zote ni kama mshairi mwenye neno moja. Na neno sura lenyewe lastahili kutazamwa: katika Kiarabu neno la umbo na neno la sehemu ya Kurani ni maneno mawili tofauti, katika Kiswahili yamekutana katika tamko moja, na ajali hiyo ya fonetiki imeleta hekima, kwani sura ya mtu, kama sura ya kitabu, husomwa kwa taratibu na haiishi katika mstari wa kwanza.

Miongoni mwa wachoraji wa Kenya wa kizazi hiki, Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ameonyesha njia moja ya kuyakutanisha mambo haya. Yeye huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, nguo ya magome ya mti kutoka Uganda, ambayo kwa Waganda ni nguo ya maziko pia. Katika michoro yake iliyotokana na mikutano ya upinzani ya mwaka 2017, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2019, nyuso za umati hupita juu ya matundu na mishono ya nguo hiyo. Hapo utamaduni haukuvalishwa mtu kama pambo. Umewekwa chini ya rangi, ukiikwaruza. Shangwe ya mkutano imechorwa juu ya sanda. Inaweza kulalamikiwa kwamba watu wa umati huo hawana majina, na kwamba kichekesho katika baadhi ya nyuso kinakaribia dhihaka. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini suala la kuunganisha hisia na utamaduni limejibiwa kwa kifaa chenyewe, si kwa maelezo ya pembeni.

Jibu la pili limetoka kwa mwana wa Migori mwenyewe, ingawa si mchoraji wa nyuso. Dickens Otieno alizaliwa Migori mwaka 1979 na hufanya kazi Nairobi. Mwaka 2022 alikuwa mmoja wa wasanii wanne wa banda la Kenya katika maonyesho ya Venice. Huchukua makopo ya vinywaji, akayakata vipande vyembamba, akavisuka mpaka vikawa kitambaa cha bati, na kwa kitambaa hicho huunda mapazia na mavazi: mashati, magauni, makoti. Mavazi hayo hutundikwa matupu. Hakuna kichwa, hakuna mkono. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba kazi hiyo haihusiani na picha za watu. Lakini shati tupu lililotundikwa ndilo kitu cha kwanza ambacho mfiwa hukutana nacho arudipo nyumbani kutoka maziko, na hakuna chozi la penseli linaloweza kushindana nalo. Zaidi ya hayo, ni lile lile shati ambalo wakala wa makumbusho wa mwaka 1949 hakulitaka. Hapa limerudi peke yake, likiwa limesukwa kwa taka za duka la rejareja, likiwa na rangi za matangazo ya biashara, na mabega yake yakiwa bado yamebeba umbo la mtu.

Limebaki suala dogo ambalo kwa idara za lugha ni kubwa, nalo ni kibandiko kinachowekwa chini ya picha. Mchoraji kijana akipeleka kazi yake Nairobi, aghalabu hutakiwa aipe jina la Kiingereza, na majina yanayochaguliwa ni ya jumla: mama, mzee, uzuri, matumaini. Kwa njia hiyo mtu aliyechorwa kwa miezi miwili, kunyweleo kwa kunyweleo, hurudishwa katika orodha ya vielelezo kwa neno moja. Hakuna sababu ya kibandiko kuwa kifupi. Kikiandikwa kwa taratibu ya pakruok, kitamtaja aliyechorwa, mwana wa nani, wa gati gani, rafiki wa nani. Na kikiandikwa kwa Kijaluo, Kisuba au Kikuria pamoja na Kiswahili, wanafunzi wa tafsiri watapata kazi ya kutosha mwaka mzima.